Kilicholala Shinani

Mgomba mchanga ukikatwa asubuhi kwa panga lenye makali, anayerudi kuutazama jioni hukuta umekwisha kujibu. Pale panga lilipopita palikuwa sawa kama meza: miviringo ya magamba meupe, mmoja ndani ya mwingine, ikitiririka utomvu unaoacha doa lisilotoka nguoni. Saa chache baadaye, katikati ya miviringo hiyo, kimechomoza kijiti cha kijani kibichi. Kimepanda juu ya mkato, na kesho yake kitakuwa kimepanda zaidi, kimejiviringa, kikijiandaa kufunguka kuwa jani. Katika vihamba vya Kibosho, Uru na Machame, mashamba ya nyumbani ya Mlima Kilimanjaro ambako migomba hukatwa kila mara kuwalisha ng'ombe wa zizini, hakuna anayesimama kushangaa. Anayekata anajua kwamba kile watu wanachokiita mti ni majani tu, yamekumbatiana mpaka yakafanana na mti. Shina lenyewe liko chini ya udongo, tunguu zito lenye rangi ya maziwa, na panga halijaligusa.

Kiswahili kimelitwika neno hili mizigo mingi. Shina ni pale mti unaposhikana na ardhi. Shina la mgomba ni ukoo mzima: mama anayebeba mkungu, mtoto anayemfuata na mjukuu anayechungulia udongoni, kama maafisa ugani wanavyowafundisha wakulima kuwaacha watatu na kuwang'oa wengine. Hata siasa ililiazima, mjumbe wa nyumba kumi akawa balozi wa shina. Na sasa neno hilohilo limeingia hospitalini. Wataalamu walipohitaji jina la Kiswahili la seli ambayo seli zote za damu hutoka kwake, waliiita seli shina. Huenda aliyelipendekeza hakuwa akiwaza migomba. Lakini kwa mtu wa mlimani neno hilo linabeba maarifa yake mwenyewe: shina ndilo lisiloonekana, na ndilo linalorudi.

Ukiteremka kutoka vihambani kuja Moshi mjini utayaona majengo ya KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo tangu mwaka 2016 ina kituo chake cha saratani. Saa za kutazama wagonjwa, ndugu huingia na hotpoti za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama ambayo Wachagga humpa mzazi aliyejifungua na mgonjwa anayetafuta nguvu. Ndizi ya kihambani inakuja kuisaidia damu iliyopungua. Saratani ya damu haina uvimbe wa kushikwa kwa mkono kama ile ya titi, wala kidonda cha kuoshwa. Inaanza kwa uchovu, homa zinazokuja na kuondoka, ufizi unaotoka damu, bandama iliyovimba ambayo mara nyingi hulaumiwa malaria kwanza. Mwaka 1847 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliupa ugonjwa huu jina la Kigiriki, lukemia, lenye maana ya damu nyeupe, kwa kuwa chembe nyeupe zilikuwa zimejaa kupita kiasi katika damu aliyoichunguza. Wahenga wa Kiswahili hawakuwahi kuiona damu hiyo kwa hadubini, lakini waliacha sentensi inayoifaa: kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kiko ndani zaidi ya nguo. Kiko ndani ya mfupa.

Damu inaonekana kama kitu kilichopo, kumbe ni kitu kinachopita. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Chembe sahani, zile zinazozuia kutoka damu, hazizidi sana siku 10. Ili mtu mzima abaki hai, uloto ulio ndani ya mifupa yake hutengeneza chembe nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana, akila na akilala. Anayesoma haya Moshi anaweza kuwaza maji. Mji huu hunywa maji ya chemchemi za Nsere na Shiri, na kabla ya mabomba mababu walichimba mifongo, ile mifereji iliyoshika mbavu za mlima na kuyaleta maji mpaka mlangoni kwa kila ukoo. Mfongo ukileta matope, hakuna anayekaa bondeni akiyachota kwa kopo. Watu hupanda na majembe yao hadi kwenye banio, mahali maji yanapoingilia, wakatazame kilichoharibika huko.

Banio la damu lilichukua muda mrefu kuonekana. Mwaka 1961, katika jiji la Toronto nchini Kanada, James Till na Ernest McCulloch walionyesha kwa panya kwamba ndani ya uloto zimo seli chache zenye uwezo wa kuzaa damu nzima upya. Miongo mitatu baadaye, katika jiji hilohilo, John Dick na wenzake waliwapandikizia panya wasio na kinga seli za wagonjwa wa saratani kali ya damu. Matokeo yao ya mwaka 1994, na mengine yaliyofuata mwaka 1997, yaliwashangaza wengi. Seli nyingi za saratani hazikuweza kuuotesha ugonjwa katika mwili mpya. Kundi dogo sana ndilo lililoweza, na seli za kundi hilo zilifanana kwa alama zao na seli shina za damu ya kawaida. Saratani nayo, kumbe, ina ukoo. Ina majani mengi yaliyojaza damu na kuifanya nyeupe, na ina tunguu dogo lililojificha, linalozaa majani hayo.

Hapo ndipo huzuni ya miaka mingi ilipopata maelezo. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba dawa iitwayo aminopterini ilikuwa imewapa nafuu watoto 10 kati ya 16 wenye saratani kali ya damu. Mpaka wakati huo, watoto wa aina hiyo hawakuwa na lolote la kungojea ila kifo. Walirudi kucheza. Wazazi waliwaona wakila tena. Kisha, baada ya miezi, ugonjwa ulirudi, na dawa ileile haikuusikia tena. Mtu akikaa na taarifa ile kwa utulivu ataona kwamba sehemu ngumu kuisoma ni ile nafuu yenyewe, kwa sababu ilikuwa ya kweli: damu ilikuwa imesafika, majani yalikuwa yamekatwa. Baadaye Howard Skipper, huko Alabama, alionyesha kwa panya wa maabara kwamba seli moja tu ya saratani ya damu ikibaki hai inatosha kuujenga ugonjwa upya mpaka umuue panya. Seli moja. Mwilini mwa mgonjwa, siku ugonjwa unapogunduliwa, huwa kuna seli za saratani zipatazo trilioni moja. Siku damu yake inapoonekana safi kwa hadubini, huenda bado zimo bilioni kadhaa.

Kwa nini tunguu linabaki? Jibu moja ni usingizi. Dawa nyingi za zamani za saratani, zile za kemo, huua seli inapogawanyika. Huivizia ikiwa kazini. Seli shina ya saratani, kama dada yake wa damu ya kawaida, hukaa muda mrefu bila kugawanyika, imetulia kwenye kona za uloto, inakula kidogo, haina haraka. Dripu ya kemo hupita juu yake kama mvua ya mawe inavyopita juu ya shamba ambalo mbegu bado ziko ndani ya udongo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huu unaweza kuja baada ya miaka, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi shambani, amenenepa, ameacha kuhesabu.

Mlima huu umewahi kuishi na kitu kilicholala namna hiyo. Upande wake wa magharibi, katika wilaya ya Siha, iko hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, enzi ambazo tiba yake ilikuwa hewa safi, chakula na kulala kitandani mwezi baada ya mwezi. Kizazi kizima kaskazini mwa Tanzania kilijua maana ya kusema kwamba fulani amepelekwa Kibong'oto. Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, ilipofika miaka ya 1940, ilifanya kile kile ambacho aminopterini iliwafanyia watoto wa Boston. Katika jaribio maarufu la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948, waliopewa dawa hiyo walipata nafuu haraka kuliko wenzao waliolala tu kitandani. Baada ya miaka mitano, tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa imekaribia kufutika. Vijidudu vichache vilivyokuwa na usugu tangu mwanzo vilibaki, vikazaana, vikashika mahali pa wenzao waliokufa.

Ndipo ikaja hesabu ambayo ni nyepesi kiasi cha kufundishwa shule ya msingi. Ikiwa kijidudu kimoja katika milioni kinaihimili dawa ya kwanza, na kimoja katika milioni kinaihimili ya pili, basi kinachozihimili zote mbili kwa pamoja ni kimoja katika milioni milioni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hesabu hiyo ilimaliza nusu tu ya kazi, maana wapo vijidudu ambavyo havina usugu wowote. Vimelala tu, na dawa za kuua vinavyogawanyika hazivioni. Kwa sababu ya hivyo vilivyolala tiba ilichukua miezi 18 au zaidi, na wengi waliiacha njiani. Jaribio lililobadilisha hali hiyo lilifanyika katika ukanda wetu. Mwaka 1972 Mabaraza ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza yalitangaza matokeo ya tiba ya miezi 6. Kwa waliotumia streptomaisini na isoniazidi peke yake, ugonjwa uliwarudia watu kama 29 katika kila 100. Ilipoongezwa rifampisini, uliwarudia kama 3. Dawa iliyoongezwa ilikuwa na uwezo wa kuvifikia vilivyolala pale vinapojigeuza kidogo usingizini.

Hili lilijifunzwa kwenye miili ya wagonjwa wa Afrika Mashariki, watu ambao majina yao hayamo katika jarida lolote, na dunia nzima inatibiwa kwa somo lao hadi leo. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, daktari Karel Styblo na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma waliijengea Tanzania njia ya kumfuata mgonjwa mpaka amalize dozi, na Shirika la Afya Duniani likaieneza njia hiyo miaka ya 1990. Kibong'oto yenyewe, mwaka 2009, ikawa mahali pa kwanza nchini pa kutibu kifua kikuu sugu. Anayetaka kuelewa saratani ya damu anaweza kuanza Siha, kwa mgonjwa anayemeza vidonge vyake mwezi wa tano huku hasikii tena maumivu yoyote, kikohozi kimekwisha, majirani wanamwambia amepona, naye anameza tu. Anatibu kitu asichokisikia.

Watu wa kawaida wa Tanzania wamelipa wazo la kuunganisha dawa jina lao, na ni jina la jikoni. Mwaka 2001 serikali iliiacha klorokwini, kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Ikaja SP, nayo haikudumu. Na mwaka 2006 ikaingizwa tiba ya artemetha na lumefantrini. Wanasayansi waliiita ALu. Mitaani ikaitwa dawa mseto. Mseto wa pwani ni wali uliopikwa na choroko. Mlimani mwenzake ni kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage. Anayepika kiburu anajua kwamba maharage na ndizi haviivi kwa muda mmoja, na kwamba ladha inayotafutwa haimo katika chungu cha ndizi peke yake wala cha maharage peke yake. ALu ina ufundi wa namna hiyo. Artemetha ni ya haraka, hufyeka vimelea kwa saa chache kisha huondoka mwilini. Lumefantrini ni ya polepole, hubaki siku kadhaa ikivisaka vilivyobaki. Moja inafyeka, nyingine inapalilia.

Kwenye saratani, mseto wa kwanza uliofanikiwa uliwahusu watoto pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Marekani walithubutu kuwapa watoto dawa nne kwa wakati mmoja, kila moja ikishambulia upande wake. Moja ya zile nne, vinkristini, hutoka katika ua la rangi ya waridi au nyeupe lenye asili ya Madagaska, linalostawi nyuani katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki bila mtu kulijali. Vinkristini hiyohiyo iliingia katika mseto uliowatibu watoto wenye uvimbe wa taya mjini Kampala, ule aliouandika Denis Burkitt mwaka 1958, kwenye taasisi ya saratani iliyofunguliwa huko mwaka 1967. Leo watoto wengi wenye saratani kali ya damu ya aina ya limfu hupona kabisa pale tiba nzima inapopatikana. Inachukua miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mtoto anakunywa dawa akiwa mzima wa afya, anakwenda shule, anacheza mpira. Ni Kibong'oto tena.

Hata hivyo dawa hizo zilipatikana kabla mtu hajalijua tunguu. Swali la leo ni jipya: je, mseto unaweza kupikwa makusudi kwa ajili ya seli shina yenyewe?

Jibu zuri kuliko yote linatoka China. Ipo aina moja ya saratani kali ya damu, iitwayo lukemia ya promielositi, iliyokuwa ikiua watu kwa kutoka damu ndani ya siku chache. Katika miaka ya 1980 Wang Zhenyi wa Shanghai aliitibu kwa jamaa wa vitamini A, dawa ambayo haikuiua seli ya saratani bali iliiamuru ikue, ikomae, iwe chembe ya damu kama nyingine na kufa kwa wakati wake. Huko Harbin, Zhang Tingdong alikuwa akitumia aseniki, sumu inayojulikana tangu kale. Kila moja peke yake ilileta nafuu. Zikiunganishwa, zinaivunja protini mbovu inayoipa seli shina ya ugonjwa huo uwezo wa kujirudia, na tunguu linaoza lenyewe. Mwaka 2013 madaktari wa Italia na Ujerumani walitangaza kwamba, kwa wagonjwa wasio katika hatari kubwa, mseto huo bila kemo ya kawaida uliwaacha asilimia 97 wakiwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka miwili. Waliopewa jamaa wa vitamini A pamoja na kemo walikuwa asilimia 86. Ugonjwa uliokuwa wa kutisha kuliko ndugu zake umekuwa ndio unaopona kuliko wote. Mtu akihitaji sababu ya kuamini kwamba shina linaweza kufikiwa, iko hapo.

Kwingine habari ni za kiasi. Seli shina za saratani kali ya mieloidi zina udhaifu mmoja ambao Craig Jordan na wenzake wa Colorado waliufuatilia kwa miaka: hazijui kubadili chakula. Seli shina ya kawaida ikikosa njia moja ya kupata nguvu hushika nyingine; ya saratani hutegemea sana tanuri lake la ndani, mitokondria, na tanuri hilo linalindwa na protini iitwayo BCL-2. Dawa ya venetoklaksi huizima protini hiyo, na azasitidini ikiongezwa, kuni za tanuri nazo hupungua. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa 431 waliokuwa wazee sana au dhaifu kwa kemo kali, nusu ya waliopewa mseto waliishi zaidi ya miezi 14.7; kwa waliopewa azasitidini peke yake ilikuwa miezi 9.6. Miezi mitano. Anayeisoma namba hiyo ofisini anaweza kuiona ndogo. Kwa babu wa miaka 76 aliyeketi kwenye kigoda chake kihambani ni msimu mzima wa mvua, ni mahindi yaliyopandwa na kuvunwa, ni Krismasi ambayo wanawe wote wanapanda mlima kutoka Dar es Salaam kuja kuchinja nyumbani. Haiitwi kupona. Wala haifai kudharauliwa.

Na kuna jaribio moja ambalo msomaji wa Tanzania hawezi kulipita haraka. Saratani sugu ya damu ya mieloidi, ile inayokwenda polepole, ilipata dawa yake mwaka 2001: imatinibu, kidonge cha kila siku kinachoizima protini moja mbovu, matunda ya safari iliyoanza mwaka 1960 pale kromosomu ya ajabu ilipoonekana Philadelphia. Wagonjwa waliokuwa wakifa ndani ya miaka michache wakaanza kuishi maisha marefu. Lakini mwaka 2002 Tessa Holyoake na wenzake huko Glasgow walionyesha maabarani kwamba seli shina zilizolala hazifi kwa imatinibu. Zikibanwa, zinajila zenyewe kidogo kidogo ili zisife njaa, mpaka hatari ipite. Wakatafuta dawa ya kuvuruga kujilisha huko, na wakaipata mahali pasipotarajiwa: hidroksiklorokwini, ndugu wa karibu wa klorokwini. Ndugu wa kile kidonge kichungu kilichowawasha mwili wazazi wetu usiku kucha, kilichotupwa na malaria mwaka 2001, aliitwa kusaidia kung'oa shina la saratani ya damu. Wagonjwa 62 walishiriki, na matokeo yalitoka mwaka 2020. Mseto ulivumilika, lakini dozi ambayo mwili wa binadamu unaihimili haikutosha kuzima njia ile ndani ya seli, na ushindi uliotarajiwa haukuja. Holyoake alikwisha kufariki mwaka 2017. Wazo lake halijafa naye. Wengine wanatafuta dawa yenye nguvu zaidi ya kufanya kazi ileile.

Mpaka ipatikane, mgonjwa anameza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa mpango wa kutoa imatinibu bure kwa nchi maskini, kwa ushirikiano wa kampuni ya Novartis na The Max Foundation, na Watanzania waliifuata Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani ufukweni miaka ya 1890. Kutoka Moshi hadi pale ni zaidi ya kilomita 500. Kupanda basi alfajiri stendi ya Moshi kwa ajili ya kidonge ambacho kikikosekana ugonjwa unaamka, kisha kurudi, kisha kupanda tena: huko nako ni sehemu ya tiba, ingawa hakumo katika maelezo ya dawa. Ndiyo sababu kituo cha saratani kilichosogea mpaka chini ya mlima ni habari kubwa kuliko linavyoonekana jengo lenyewe. Sayansi ya mseto inadai dawa mbili zifike mwilini pamoja, kwa wakati, kwa muda wote unaotakiwa. Moja ikichelewa bohari, hesabu ya milioni mara milioni inavunjika, na mgonjwa anabaki na dawa moja kama watoto wa mwaka 1948. Upungufu wa dawa si suala la uhasibu. Ni mgomba kukatwa juu na kuachwa.

Swali linalobaki ni la lugha kuliko la kemia. Mgonjwa anataka kuuliza na kujibiwa kwa neno moja: nimepona? Kiswahili kina kupona, kina kupata nafuu, kina ugonjwa kutulia, na madaktari waangalifu hutumia lile la mwisho. Wafaransa walithubutu kulijaribu lile la kwanza. Waliwachukua wagonjwa 100 wa imatinibu ambao ugonjwa ulikuwa hauonekani kwa miaka miwili mfululizo, wakawaambia waache kidonge. Mwaka 2010 walitangaza: baada ya mwaka mmoja, kama 40 kati ya kila 100 bado walikuwa safi. Kwa wengine uliamka, wengi wao katika miezi sita ya kwanza, na waliporudia dawa ukalala tena. Hakuna aliyeweza kusema kabla nani yuko upande upi. Watu wawili wenye karatasi za majibu zinazofanana, mmoja shina lake limekwisha, mwingine bado limo.

Kipimo kinachotumika kutafuta mabaki hayo hunasa seli moja mbovu kati ya makumi ya maelfu. Mojawapo ya mashine zinazokifanya ni GeneXpert, ileile ambayo maabara za Tanzania huitumia kutafuta kifua kikuu katika makohozi. Hubadilishwa kikasha tu, na iliyokuwa ikimtafuta mdudu aliyelala pafuni inaitafuta seli iliyolala mfupani. Na karatasi inayotoka humo, hata ikiwa njema kuliko zote, haiandiki kwamba ugonjwa haupo. Inaandika kwamba haujaonekana. Chini yake, kwa kalamu, muuguzi anaandika tarehe ya kurudi, miezi mitatu mbele, na mgonjwa anaikunja kadi, anaitia kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, anapanda gari la Kibosho. Masika bado yapo. Pembeni mwa njia ya kwenda nyumbani kwake, kwenye mkato wa mgomba wa wiki iliyopita, kuna jani jipya limefunguka, na hatua mbili kutoka hapo kuna shimo lililochimbwa kwa jembe, refu na lenye udongo mwekundu, ambamo shina jingine lilitolewa zima.